Njia ya Kurudi

Aliletwa saa tisa usiku, shati limekauka kifuani,
fundi Kilungya, mchomeleaji wa Kamukunji.
Alikuwa ametapika mara mbili, rangi ya machicha ya kahawa,
na bado aliuliza nani kafunga karakana.

Nilimnyoa paja, upana wa kiganja,
nikambandika pedi. Akashtuka ubaridi.
"Ya nini hiyo, sista?"
Umeme ukiingia, nikamwambia, sharti upate pa kutokea.
Akacheka, meno mekundu:
"Basi sema ni ethi. Mimi huibana kwenye tangi."
Dawa ya usingizi ikamkata kauli.

Mpira ukashuka na taa yake.
Kwenye skrini giza, kisha mafuriko.
Daktari Hibaq anaosha, anafyonza, anaosha.
Hasemi neno. Namjua: kimya hicho si cha heri.
Halafu, ukutani mwa tumbo, kidonda
cheupe kama ukoko wa uji,
na katikati mshipa unatema,
unatema, kwa mapigo ya mwenyewe.

Mtu mzima, na mabega yale,
anamalizwa na kitu chembamba kama uzi wa kifungo.

Koleo letu halifikii punje ya mchele.
Mkono unaolifumbua ni wangu. Jicho ni lake, na mguu.
"Fungua."
"Zungusha. Hapo hapo. Funga."
Mafuriko yakasita.
Akauvuta mshipa kidogo, taratibu,
akakanyaga pedali ya buluu.
Mlio. Sekunde moja, mbili.
Povu, kisha weupe.
Miaka yangu ya kwanza nilingojea cheche.
Hakuna cheche. Ni moto wenye adabu,
unapika, hauunguzi.

Tukangoja. Ngara yote ilikuwa gizani,
jenereta inakohoa uani
nami nahesabu kila kikohozi.
Akamwaga maji tena.
Maji yakabaki maji.

Asubuhi, kabla hajaruhusiwa hata uji:
"Mlitumia wati ngapi?"
Themanini.
Akatazama dari, midomo ikipiga hesabu.
"Mimi elfu tatu, na tangi la Mama Syombua
bado linavuja."
Kisha akajikuna paja. "Na huku kunyolewa,
nyumbani nitasema nini?"
Sema umeme ulipita hapo ukirudi kwao.

Nikamwacha akicheka ameshika tumbo,
nikaenda kuusugua ule mpira,
brashi tatu, saa nzima.