Moja kwa Ishirini na Nne

Gari langu lilikuja kwa boti kutoka Mokowe,
ndani ya boksi, chini ya trei ya mayai.
Datsan ya mwaka sabini na moja, milango miwili,
boneti ndefu kama salamu ya mtu mwenye shida.

Vipande mia na arobaini na viwili,
vimepangwa fremuni kama meno yanavyonijia kazini,
sita sita kwenye nta.
Maelezo ni ya Kijapani. Nafuata mishale.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia.
Mchana, hospitalini, nawarudishia watu vicheko;
usiku, baada ya Isha, juu ya meza ya chapati,
faili ni ileile, koleo ni lilelile,
na pumzi naibana vilevile.

Mwanatumu anauliza, "Hilo litapita wapi?"
Jibu analo. Kichochoro chetu cha Mkomani
nimekipima kwa futi kamba: mita moja na robo.
Lile la kweli linataka mita moja na sentimita sitini na tatu.
Hapa punda wawili wa mchanga wakikutana
mmoja hurudi kinyumenyume,
na matusi humfuata mpaka kwao.

Gundi ilinuka hadi paka akahamia kwa jirani.
Rangi nilipulizia darini. Vumbi la chokaa,
la yule anayeongeza ghorofa, likatua bonetini.
Nikapiga msasa, nikapaka. Likatua.
Mara ya tatu nilimlipia fundi wake chai
ili akae kitako nusu saa.

Kioo cha mbele nilikishika na gundi kidoleni.
Dole gumba limebaki pale, mistari yote,
upande wa dereva.
Halitoki. Basi na liendeshe.

Kipande namba themanini na saba hakikuwemo.
Kichwa cha gia, kadiri ya punje ya ufuta.
Nilipekua boksi, nilipekua mkeka,
nikamshuku paka, nikamwomba radhi.

Kesho yake kazini nikafungua droo ya chini.
Meno ya Bi Zuwena, bado yana karatasi ya jina lake.
Alikuja kupima Rajabu, ayavae harusini kwa mjukuu.
"Yasiwe meupe sana," alisema,
"watu wasije wakadhani nimeyaiba."
Shaabani ikampitia.
Nilikata ncha ya moja. La nyuma, lisiloonekana mtu akicheka.

Mwanatumu sijamwambia.
Weupe usio mweupe sana
umesimama baina ya viti viwili,
na mimi, kila nikichungulia dirishani,
namsalimu mtu.

Maegesho yake ni kidaka cha tatu,
kati ya sahani ya nyanya yangu, iliyopasuka,
na chaja ya simu.
Ila leo asubuhi, kabla ya kuliegesha,
nililitoa nje, nikaliweka chini, kwenye mawe.
Halifiki shubiri. Kichochoro kikawa barabara kuu.

Akatokea punda wa Twalib na mifuko miwili ya saruji.
Akasimama. Akalinusa taa.
Twalib akanitazama mimi, nimechuchumaa, na mvi zangu.
"Haya," akasema, "nani ana njia?"

Nikatia gia ya nyuma.
Jino la Bi Zuwena halikutikisika.
Kwa kidole kimoja, taratibu,
kinyumenyume mpaka mlangoni kwangu.