Rupia Saba

Kalibu yangu ya idli ina mashimo thelathini.
Si thelathini na moja.
Marehemu mama mkwe aliinunua kwa uzani
mtaa wa mafundi shaba, hapa hapa Madurai,
na tangu hapo haijanywea hata kwa unywele.

Nasema hivi kwa sababu ya Rajakumari, ng'ambo ya barabara:
vada zake kila Jumatatu tundu la katikati linapanuka,
naye anasema ni mtindo.
Mimi sina tundu la kujifichia.
Idli imejaa au haikujaa.
Mvuke haumsitiri mwongo.

Saa kumi alfajiri nawasha jiko.
Choroko nyeusi ilikuwa mia na ishirini kwa kilo;
ikawa mia na arobaini, nikanyamaza;
ikawa mia na themanini, nikamuuliza muuzaji mara mbili
kama mtu aliyesikia vibaya jina la mgonjwa.
Mtungi wa gesi nao una miguu.

Binti yangu Tamizhselvi, asomaye uhasibu chuoni,
alifungua daftari, akapiga mistari kwa rula.
Mchele. Choroko. Gesi. Chumvi. Jani la mgomba.
Nazi ya chatini.
"Na usingizi wako, mama, niuandike wapi?"
Uandike pamoja na chumvi, nikamwambia.
Hakucheka. Alijumlisha, akarudia, akanigeuzia ukurasa:
kila idli ya rupia tano
ilitoka mlangoni na paisa sitini za kwangu mfukoni mwake.
Mwaka wa kumi na moja huu
nawalipa watu waje wale kwangu.

Kizuri chajiuza, husema watu.
Hawasemi kwa bei gani.

Niliogopa kupandisha, nikaanza wizi mdogo.
Nazi moja kwa vikombe vitatu ikawa kwa vinne,
kisha maji yakaingia bila kupiga hodi.
Hakuna aliyesema neno.
Karuppasamy, mchukuzi wa ghala la vitunguu,
alichovya, akatazama kidole chake,
akachovya tena,
akalipa, akanitakia heri,
na siku tatu sikumwona.
Heri angenitukana. Tusi ningelijibu.

Basi jana usiku nikaifuta tano ukutani
kwa kitambaa kibichi.
Daftari lilitaka sita na paisa arobaini.
Sita? Sita yataka sarafu ya moja,
na sarafu za moja zote zimehamia hekaluni.
Saba ni ya tano na ya mbili: zinalia tii, tii,
hakuna kudaiana chenji.
Nikaandika 7 kwa chaki. Mkia wake ukatetemeka,
nikauacha vivyo hivyo.

Wa kwanza alikuwa mtoto wa fundi baiskeli,
na noti yake ya kumi, ya idli mbili za kila siku.
Akapata moja, na tatu mkononi.
Alizihesabu tatu zile kwa muda mrefu.
Nikamwongezea chatini, nzito, ya nazi nzima,
nikajua kwamba chatini si idli,
na kwamba yeye pia anajua.
Hilo sijalipatia mstari.

Karuppasamy akaja jua limeshapanda.
Hasomi. "Chaki inasema nini?"
Saba.
Akaguna. Akachovya, akatazama kidole.
"Nazi imerudi," akasema,
akaweka ya tano, akaweka ya mbili,
akaenda kwenye magunia yake.

Saa tatu nikafunika jiko. Zilibaki nane.
Rajakumari alikuwa ameegemea nguzo yake, anasubiri
nizimwage ng'ombe wale.
Sikumwaga. Nilivuta kigoda, nikaketi,
jambo ambalo asubuhi sijalifanya tangu nifungue,
nikala tatu, za moto bado,
rupia ishirini na moja.
Sikuwahi kujua kwamba nauza kitu kitamu hivi.