Safu ya Nguvu Iliyotumika

Kitabu cha matukio kina safu sita.
Tarehe nimejaza. Mahali: Kiboriloni, Moshi,
kilabu cha mbege nyuma ya mashine ya kusaga.
Silaha: panga moja la kukatia mgomba,
mpini umefungwa mpira wa baiskeli.
Nguvu iliyotumika:
hapo kalamu imegoma.

Mimi nilishuka na kirungu.
Nilishuka nikiwa nimeshapiga tayari,
mkono ulisubiri tu miguu ifike.
Nikatoa ile sauti ya chuoni, ya tumboni, ya gwaride,
na Ndekirwa akainua panga juu zaidi,
kana kwamba sauti yangu ndiyo kamba iliyolivuta.

Koplo Aikande alivuta kreti tupu la soda,
akaketi.
Akaketi! Hatua nne kutoka kwenye makali.
Akamsalimu kwa Kichaga, akauliza:
"Huyo kaka yako, kihamba amekiuza shilingi ngapi?"
Na yule mtu, ambaye tangu asubuhi
aliambiwa tulia, tulia, tulia wewe,
akaanza kuhesabu kwa vidole.
Vidole vikitaka kuhesabu, panga huwa mzigo.
Alilitua mwenyewe kando ya mtungi
kama mgeni anavyoweka mwavuli.

Nyuma ya Landrova nilimkuta koplo anatapika,
naye hakuwa amekunywa hata maji.

Kituoni mkuu akacheka: "Huruma za kike hizo."
Aikande alikuwa anafungua kamba za buti.
"Si huruma, afande. Ni hesabu.
Mkono wangu mfupi. Nikianza, lazima nimalize,
na sina hakika ya kumaliza.
Ninyi mna hakika, ndiyo maana mnaanza."
Akakunja shati: kovu toka kiwiko hadi kifundo.
Pasua, mwaka juzi.
Siku hiyo pia aliketi.

Tena yupo Konstebo Siaeli, zamu ya usiku,
anayepiga kuliko sisi sote
ili neno huruma lisimguse.
Yeye nimwandike safu gani?

Niliandika "Hakuna". Nikakata.
Nikaandika "Kreti moja".
Najua kitabu kitarudishwa mezani kwangu
na mstari mwekundu.

Mkono wa kulia unaniuma tangu jana,
huu ambao haukumpiga mtu.