Viatu vya Ottavia Brandolin

Miaka ishirini na mitatu nilimjua kuanzia vifundoni.
Kazi yangu ilikuwa shimoni, ukingoni mwa jukwaa la Trieste,
kitabu magotini, balbu moja,
kumnong'oneza mwimbaji neno kabla halijamtoroka.
Ninyi wa vitini mliona taji. Mimi niliona visigino.

Magazeti ya Milano yaliandika: mahameli.
Ya Vienna yakaandika: mahameli meusi.
Naapa, waandishi wale walikuwa na jora moja tu dukani.
Mimi mtoto wa bandari nitawaambia ilivyokuwa:
gunia la kahawa likiburutwa juu ya mbao,
zito, kavu, halafu ghafla harufu.
Mamake alichambua buni ghalani,
naye binti akajifunza kuimba chini ya kelele za mashine,
kwa sababu juu yake hapakuwa na nafasi.

Katika opera sauti ya chini haina mchumba.
Sauti za juu huolewa, hufa kwa kifua kikuu, hurushiwa maua;
yeye, ana miaka ishirini na sita, kapewa mvi za bandia:
mchawi, yaya, mama wa mtu aliyemzidi umri.
Mara moja walimvisha suruali awe jemadari;
wanawake wa safu ya tatu hawakulala wiki nzima.
"Cergol," aliniambia, "mimi nilizaliwa mjane."
Akacheka, balbu yangu ikatetema.

Husemwa hakusahau neno maishani mwake. Kweli.
Imechongwa kwenye bamba la mlango wa nyuma.
Haikuchongwa hii:
Februari, upepo wa kwetu uitwao bora,
usio na ubora wowote, unang'oa vigae;
mwanangu yuko hospitalini, sijalala siku tatu,
nikasinzia juu ya kitabu. Soprano akakwama,
mdomo wazi kama samaki wa mnadani.
Ottavia wakati huo alikuwa maiti,
maiti kabisa, sanda hadi kidevuni.
Akampa neno, midomo haikusogea,
kisha akanyoosha mguu taratibu
akanigonga kwenye paji kwa ncha ya kiatu.

Asubuhi magazeti yalisifu alivyokufa:
hakutikisika, yaliandika, hata ukope.

Sasa wanakuja vijana na vinasa sauti,
wananiuliza alikuwaje.
Nawaonyesha hapa, juu ya nyusi.
Wanatazama kwa adabu, wanageuza ukanda,
wanauliza tena kuhusu mahameli.