Zamu Yangu ya Kuwa Mbaya

Chini ya kanisa, kando ya tanuri la makaa,
tulipanga viti sita vya kukunja mbele ya ubao
tukauita kaunta.
Februari, Tennessee. Ngazi za nje zilikuwa barafu tupu.
Bi. Ardelia, mshona mapazia, aligawa kazi
kama anayegawa karata:
"Verlene, utaketi. Cleophus, utaketi.
Thurman, leo ni zamu yako ya kuwa mbaya."

Tulicheka. Mimi, niliyelelewa kuomba radhi hata kwa paka!

Nikaanza kwa sauti ya kuazima: "Toka hapo."
Verlene akafungua kitabu cha kemia.
"Nimesema toka." Akageuza ukurasa.
Nikampulizia moshi wa sigara; akakohoa, hakugeuka.
Nikamwaga sukari kwenye nywele zake,
zile alizozinyoosha jana kwa chanuo la moto,
saa nzima, jikoni kwetu,
maana ni dada yangu, tumbo moja.

Na hapo mkono ukanoga.
Sina neno jingine. Ulinoga.
Nilivuta kiti. Kiwiko chake kikagonga saruji,
na mdomo wangu ukatoa neno
ambalo sikujua limelala humo,
limejifunika, limestarehe.
Tanuri likanguruma peke yake.

Verlene akainuka. Akapangusa sketi,
akakisimamisha kiti, akaketi palepale,
akautafuta ukurasa alipoishia.
Kisha akanitazama. Si kwa hasira;
hasira ningeijibu.
Alinitazama kama amngojaye mwenzake
aliyechelewa njiani.

"Basi," alisema Bi. Ardelia. Hakunikaripia.
"Mmeona? Chuki haihitaji mtu mbaya.
Inahitaji mtu aliyeketi, na ruhusa."

Cleophus, anayebeba magunia stesheni,
akasema, "Lakini mama, dawa ya moto ni moto."
"Marehemu mume wangu alikuwa zimamoto," akajibu.
"Sikumwona hata siku moja
akitoka nyumbani na kiberiti."

"Na wakituvunja meno?"
"Watayavunja. Sijasema haiumi.
Nasema mkono ukipiga, usirudishiwe,
hubaki hewani na mwenyewe,
na itambidi autazame."
"Na asipoutazama?"

Bi. Ardelia alianza kukunja viti.
Alikunja cha kwanza, cha pili, cha tatu.
Hakujibu.

Usiku nilimchana Verlene sukari
punje kwa punje, juu ya gazeti.
Hatukusema kitu. Kiwiko kilikuwa kimevimba.

Jumamosi tukaenda mjini, suti zimepigwa pasi,
mswaki mfukoni kwa ajili ya jela.
Tukaketi. Mhudumu akazima taa ya juu yetu.
Akaja kijana wa kizungu, rika langu,
shingo nyekundu kwa baridi, na kopo la sukari.
Mwanzoni alikuwa na aibu; sauti ya kuazima.
Wenzake wakacheka nyuma yake.
Kisha nikasikia, kwa uzito wa sukari inavyoshuka,
mkono wake ukianza kunoga.

Nikageuka, taratibu,
nikamngoja.