Rasimu ya Tatu

Naandika kwa kalamu ya bluu, mezani kwa mama yake,
Newala, nyuma ya ghala la ushirika,
mwezi wa kumi, hewa yote inanuka mabibo.
Barua inakwenda Mtwara, chuoni,
kwa mlezi wa wanafunzi ambaye hata jina simjui.
Fomu yao ilikuwa na kisanduku kimoja:
Ulemavu, kama upo. Taja.
Upana wake, ukucha wa kidole gumba.
Nikasema hapana, humu hatuenei,
nipeni karatasi.

Somoe kakaa kizingitini, anabangua korosho
kwa vidole visivyomuuliza mtu chochote.
"Soma, Mwalimu."
Nikasoma:
"Ndugu, nakuletea binti huyu maskini,
haoni lakini ana bidii,
nakuomba umwonee huruma..."

Jiwe likatua juu ya ganda. Ta.
"Futa maskini."
Nikafuta.
"Na hiyo lakini. Bidii yangu ina lakini gani?"
Nikafuta.
"Huruma mwachie bibi,
yeye anayo mpaka anawagawia kuku."
Mama yake akacheka jikoni, kisha akanyamaza ghafla
kama aliyekumbuka chungu kiko motoni.

Miaka sita nimemfundisha.
Naijua mashine yetu ya nukta nundu, ile ya kijivu,
namba ya shule kwa rangi nyekundu ubavuni,
kitufe kimoja kinakwama siku za mvua.
Najua haiondoki. Ni mali ya shule.
Najua Tabia Chilumba, aliyekuwa akimsomea usiku,
kapangiwa Iringa.
Najua kutoka bwenini hadi darasani ni hatua mia na arobaini,
mfereji mmoja,
na kamba ya bendera inayogonga mlingoti.
Huko chuoni sijui kitu.
Hilo ndilo linaloniamsha usiku
nami nasingizia mbu.

Rasimu ya pili niliiandika kwa hasira:
sheria, vifungu, haki, sera.
Aliisikiliza mpaka mwisho.
"Hii itawatisha. Watanipa kiti cha mbele
na hakuna atakayekaa pembeni yangu."

Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akasema, andika.
Na mimi, mwalimu wake, nikaandika imla:

"Naitwa Somoe Nampota. Nakuja kusoma uhasibu,
kwa sababu nimesikia makato ya korosho za baba yakisomwa
na sikuyaamini.
Kama somo lina karatasi, nipeni siku tatu kabla.
Ukiandika ubaoni, sema unachoandika.
Kwenye mtihani naomba muda wa ziada. Si zawadi:
jicho humeza mstari mzima,
kidole hula punje kwa punje.
Mkihamisha viti, niambieni.
Mkichimba mtaro, niambieni nyinyi
kabla mtaro haujaniambia wenyewe.
Ukinisalimia, taja jina lako,
usinichezee bahati nasibu ya nambie mimi nani.
Nikipotea nitauliza.
Niacheni niulize."

"Umeandika, Mwalimu?"
"Naandika."
"Mbona siisikii kalamu?"

Chini nikaacha nafasi ya sahihi.
Akaomba kibao chake na ule msumari mfupi,
akadunga jina kutoka kulia kwenda kushoto,
akaigeuza karatasi, akajipapasa
kama mtu anayejiangalia kwenye kioo kabla ya kutoka.
"Pale ofisini hawataweza kuisoma," nikasema.
"Watauliza."

Akarudia korosho zake.
Nikakunja barua mara tatu, nikaikunjua tena,
na nyuma ya karatasi, kwa tarakimu ndogo ndogo,
nikaandika namba yangu ya simu.

Hiyo sikumsomea.