Saa Sita za Tofauti

Seva waliiweka Isevya, ofisi ya ushirika wa warina-asali,
chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya nta,
juu ya kreti mbili, ikipulizwa na feni
iliyofungwa dirishani kwa kamba ya katani.

Siku ya kwanza nilipata ukurasa mweupe.
Si kosa, si onyo. Mweupe pee,
kama sahani iliyolambwa.
Nikasoma faili la mipangilio, kidole kwenye kioo,
hadi treni ya Kigoma ikapiga honi na kuondoka,
ndipo nikaiona: nukta-mkato moja
niliyoisahau mstari wa arobaini na moja.
Nikaiweka.
Mlango ukafunguka, ukaniuliza jina.

Majina nayo yalikuwa kesi.
M. Kapela wako wawili, ndugu wa baba mmoja,
mmoja Sikonge, mmoja Urambo.
Mashine haitaki wafanane.
"Mimi siwi namba mbili kwa mtu," akasema wa Urambo
kwenye simu, akakata.
Nikamwandikisha kwa jina la kijiji chake.

Bi Nyanzobe, mhasibu, alisimama mlangoni na chai yake.
Nikamwambia: hii ni kama mzinga,
barua, kalenda, daftari la anwani,
kila mmoja analeta chake, wote wanakula.
"Mzinga una asali," akasema.
"Hiki kina joto tu."

Ijumaa kalenda ikakubali.
Nikaandika: Kikao cha bei na mnunuzi. Jumanne. 2:00,
na nyuma yake herufi mbili ndogo
ambazo hakuna aliyezitazama.
Nikalala kwa fahari.

Jumanne, saa mbili asubuhi, ukumbi umejaa.
Wa Sikonge walidandia lori gizani.
Kapela wote wawili wamekaa benchi moja, hawaongei.
Mnunuzi hayupo.
Mnunuzi, kwa saa ya mashine, anakuja saa nane.

Nilitamani feni inipeperushe.
Saa sita nzima! Ndiyo tofauti yote
kati ya jua letu na lile la mashine,
na mimi niliyesomea mambo haya
nimewakalisha watu ndani yake.

Lakini watu hawakai bure.
Wakahesabu madumu. Wakahesabu mafuta ya lori.
Mtu akataja bei aliyouza mwaka jana, kwa aibu,
mwingine akataja yake, ya chini zaidi.
Kapela akamgeukia Kapela.
Saa nane kasoro, bei ilikuwa moja, imepigiwa mstari.
Mnunuzi akaingia akifuta kioo cha simu yake,
akakuta watu wametulia mno.

Jioni nilifungua faili nirekebishe saa.
"Utawekaje?" akauliza Nyanzobe.
Nikamwonyesha: kila mtumiaji anaweza kupangiwa yake.
Akavuta kiti, akaketi kwa mara ya kwanza
mbele ya kile kijoto.
"Sisi tuandikie asubuhi, mchana, kwa maneno.
Mnunuzi," akanywa chai, "muache alivyo."